Sentensi Zinazoungwa Ubaoni

"Mwalimu aliyetoka Baraka jana akiwa na vitabu vya hesabu." Mwanafunzi ameweka nukta, amefunga kaye yake, ameridhika. Mwalimu wa darasa la 7 huko Swima, au kwingineko kando ya barabara inayofuata Ziwa Tanganyika kutoka Uvira kwenda Baraka, anaifahamu vizuri sentensi ya namna hii. Huipigia mstari mwekundu, huandika pembeni "haijakamilika", basi. Hukumu ni ya haki, ila haimfundishi mtoto kitu. Sikio lake linamwambia kwamba kitenzi kimo: "aliyetoka" ina mtenda, ina wakati, ina tendo. Asichokiona ni kwamba ile "-ye-" imekigeuza kitenzi kuwa maelezo ya mwalimu tu, na mwalimu mwenyewe bado hajatenda lolote. Alifika? Alilala njiani? Msomaji anangoja.

Kosa hili si la uzembe. Ni la mtoto aliyethubutu kuandika sentensi ndefu. Mwenzake mwoga ameandika: "Mwalimu alikuja. Alitoka Baraka. Alileta vitabu." Hakukosea popote, wala hakuna atakayetamani kumsoma hadi mwisho wa ukurasa. Mimi ningempa yule wa kwanza moyo kabla ya kumpa wekundu.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliifanya elimu ya msingi ya Kongo kuwa ya miaka 8: sita ya primari na miwili inayosomwa sekondari. Hiyo miwili, darasa la 7 na la 8, ndiyo ninayoizungumzia. Mtoto wa Swima anaweza kuifikia akiwa na lugha tatu: Kibembe cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na ufukweni, Kifaransa cha darasani. Katika eneo la Fizi wapo pia waliorudi na wazazi wao kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na Kiswahili chao kina ladha ya Tanzania. Utajiri wote huo ukifika kwenye somo la sentensi, mara nyingi hupokewa na zoezi lilelile: pigia mstari kiima, zungushia kitenzi, taja aina ya shamirisho. Mtoto hupata 8 kwa 10. Kisha huombwa aandike barua ya mistari mitano, akakwama kwenye wa pili.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 1973 Frank O'Hare alichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa darasa la 7 huko Florida, Marekani, waliozoezwa kuunga sentensi fupi bila kufundishwa majina ya kisarufi; uandishi wao ulikua kuliko wa wenzao. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi za madarasa ya 4 hadi 12 wakazilinganisha. Zoezi la kuunga sentensi lilipata wastani wa athari wa 0.50, kiwango cha kuheshimika. Sarufi iliyofundishwa peke yake iliangukia chini ya sifuri, kwenye −0.32. Tafiti hizo si za Kiswahili wala si za Kongo, na mimi siichukui namba hiyo kama ruhusa ya kuitupa sarufi. Naichukua kama onyo kwa anayedhani kwamba kutaja sehemu za sentensi na kuijenga ni kazi moja.

Uzuri wa kuunga sentensi ni kwamba hakudai kitabu. Ubao na chaki vinatosha hata darasa likijaa. Mwalimu anaandika:

Upepo ulivuma usiku.
Mtumbwi mmoja ulipinduka.
Wavuvi wote waliokolewa.

Anauliza: nani atanieleza yote haya kwa nukta moja? Majibu yaanze mdomoni, kabla biki haijagusa karatasi. Mmoja atasema: "Upepo ulivuma usiku ukapindua mtumbwi mmoja, lakini wavuvi wote waliokolewa." Mwingine: "Wavuvi wote waliokolewa, ingawa upepo wa usiku ulipindua mtumbwi mmoja." Zote mbili ziandikwe, na hapo ndipo somo lenyewe linapoanza, maana zote ni sahihi na hazisemi jambo lilelile kwa uzito uleule. Ya kwanza inamwacha msikilizaji na watu walio hai. Ya pili inamwacha na mtumbwi uliopinduka. Anayewaandikia akina mama wanaongoja ufukweni atachagua ya kwanza. Anayemwandikia mkuu wa kijiji kuomba makoti ya kuokolea atachagua ya pili. Kwa kawaida neno la mwisho ndilo linalobaki sikioni. Mtoto aliyegundua hilo mwenyewe hana haja ya kufafanuliwa sana kishazi tegemezi ni nini. Amekwisha kukitumia, jina atalipokea kesho.

Zoezi la pili linatokana na kazi ya Judith Hochman, mwalimu wa Marekani. Mwalimu hutoa mwanzo mmoja, wanafunzi wanaumalizia mara tatu. Bei ya ndagala ilipanda *kwa sababu* mwezi ulikuwa mkali na samaki hawakuzifuata taa. Bei ya ndagala ilipanda, *lakini* mama hakupata faida. Bei ya ndagala ilipanda, *kwa hiyo* tulikula sombe wiki nzima. Anayeandika "ilipanda kwa sababu ilikuwa juu" amejifichua: sarufi yake ni safi, sababu haipo. Hakuna kupigia mstari kunakoweza kuonyesha pengo hilo.

Walimu hubishana juu ya "mtu mwenye alikuja", namna inayopendwa katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo. Mimi naipokea mdomoni, kwa kuwa mtoto anayeisema amekwisha kuunga. Kisha naandika "aliyekuja" pembeni yake ubaoni, ya kuandikia. Ninayoikataa ni "ambaye aliyekuja", iliyounga mara mbili, hata ikisomwa na mtangazaji wa redio.

Na sentensi isomwe kwa sauti. Historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha mji huo, ilimshinda mwanaanthropolojia Johannes Fabian kuielewa kwa macho hadi iliposomwa kwa sauti, maana nukta na mipaka ya maneno havikufuata kanuni. Mwanafunzi akiisoma ile sentensi ya mwalimu wa Baraka mbele ya wenzake, darasa litamuuliza lenyewe: "Akafanya nini?" Swali hilo linasahihisha haraka kuliko wino, nalo linampunguzia mwalimu mzigo wa kaye za kubeba nyumbani.

Baadaye yaleyale yahamie Kifaransa, kwa kuwa ndicho lugha ya masomo na ndicho kitakachodaiwa katika insha ya Mtihani wa Serikali. Mafungu yawe yaleyale ya mtumbwi na ndagala, ili mtoto apambane na lugha tu, fikra anayo tayari. Waanze na "mais", "parce que" na "qui". "Bien que" isubiri: inadai subjonctif, na hiyo ni kazi ya mwaka mwingine.