Dalali wa TikTok akishakuita "dada": kabla hujatuma pesa ya kiwanja

Ijumaa, siku ya mapumziko, umejilaza na simu. Jamaa yuko laivu TikTok, amesimama kwenye kiwanja: "Ndugu zangu mlioko Oman, Saudia, Qatar, nawasalimu!" Unaandika, "Nami nipo Muscat." Anakutaja kwa jina. Urafiki umeanza.

Hiyo ndiyo kazi yake. Ijumaa kaichagua kwa sababu anajua ndiyo siku una nafasi. Ukishaandika, anakuhamishia WhatsApp. Huko ni ujumbe wa sauti, "dada umeamkaje?", pole ukifiwa, Eid njema. Anakuingiza kwenye kundi ambalo watu wanapongezana kwa kupata hati. Miezi miwili hagusii pesa. Siku anayosema "vimebaki vitatu, mwisho wa mwezi bei inapanda", kwako yeye si muuzaji tena, ni kaka. Unaona aibu kumuuliza karatasi.

Dalali mwaminifu naye hufanya hivyohivyo, kwa hiyo ukarimu wake haukuambii lolote. Angalia anachokuonyesha:

- Video ya kiwanja inaonyesha kwamba alifika pale. Haisemi ni cha nani.
- Picha ya hati inaweza kuwa ya kiwanja kingine, au ya kughushi.
- Wanaoshukuru kwenye kundi huwajui. Mtu mmoja anaweza kuwa na laini tano.

Mwenye ardhi hujulikana kwenye rejista. Kenya, fanya sachi ofisi ya ardhi, au kwenye Ardhisasa kwa maeneo ambayo mfumo huo umefika. Utaona jina la mwenye ardhi, ukubwa, na kama imewekwa rehani ya mkopo au ina zuio. Dalali wa Kenya pia anatakiwa awe amesajiliwa na bodi ya EARB. Muulize namba yake, kisha uihakiki. Tanzania, kama kiwanja kina hati, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kama hakijapimwa, mtu wako aende serikali ya mtaa au kijiji, aongee na majirani pia. Mwanasheria mtafute mwenyewe, usichukue wa kuletewa na dalali.

Pesa isitangulie mkataba. Hata ukilipa kidogokidogo, mkataba useme utarudishiwa nini mambo yakikwama. Lipa kwenye akaunti ya benki ya muuzaji aliyetajwa kwenye mkataba, siyo namba ya simu ya dalali.

Aibu ikikushika, mtumie maneno haya: "Kaka, naomba namba ya kiwanja na jina la mwenye hati. Ndugu yangu anaenda ofisi ya ardhi wiki hii, akirudi tutaongea bei."

Mwenye kitu cha kuuza atakutumia. Akinuna, au akisema humwamini, kaa na pesa yako. Viwanja havijaisha.