Pikipiki kuukuu ikipiga kelele, sikiliza klachi kwanza

MFUGAJI wa Kaskazini Mashariki hamtafuti ngamia wake kwa macho peke yake. Humtafuta pia kwa masikio, akisikiliza kengele ya mti iliyofungwa shingoni. Mwenye pikipiki kuukuu naye hana budi kuwa na masikio ya aina hiyo, kwani chombo hicho husema kinapougua, tena husema mapema, kabla hakijamlaza mtu njiani.

Na kulala njiani katika sehemu hizo si mchezo. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni karibu kilomita 100, na ukiacha barabara kuu utakutana na mchanga, vichaka na jua kali. Maziwa ya ngamia yanayoletwa sokoni kwa pikipiki hayamngoji fundi, yatachacha. Mama aliyeshikwa na uchungu akipelekwa hospitalini hawezi kungoja pia.

Chukua kisa cha mzee mmoja wa Garissa mwenye Honda CG125. Pikipiki ya aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka wa 1976, na pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini yake. Yake ilianza kugongagonga kila iliposimama ikiwa inawaka. Fundi wa kwanza alimwambia injini imekwisha, ifunguliwe yote. Gharama aliyotajiwa ilimfanya afikirie kuuza mbuzi.

Fundi wa pili, kijana wa makamo, hakushika hata spana. "Adeer," alimwambia, "iwashe, iweke fri, halafu vuta klachi polepole." Mzee akavuta. Kelele ikanyamaza. Akaachilia, ikarudi. "Mbuzi wako abaki zizini," kijana akasema. "Hii ni klachi."

Sikio ndilo kipimo

Klachi ni kiungo kinachounganisha nguvu ya injini na gia, na kuzitenganisha unapovuta mkono wa kushoto. Katika pikipiki nyingi za zamani huwa ndani ya oili, nyuma ya kifuniko cha upande wa kulia. Ndani ya kikapu cha chuma, ambacho mafundi hukiita hausingi, hupangwa pleti za faiba na pleti za chuma kwa zamu, zikibanwa pamoja na springi.

Kabla ya kulaumu chochote, tazama mambo matatu mepesi. Je, oili inatosha? Je, waya wa klachi umelegea sawasawa? Ncha ya mkono wa klachi yafaa icheze kati ya milimita 10 na 20 kabla ya kuanza kuvuta. Na je, injini inawaka chini mno kwa kusitasita? Kabureta isipowekwa vizuri, injini huruka na kuifanya hata klachi nzima igongegonge. Pandisha mwendo kidogo. Kelele ikiisha, huenda tiba ni kurekebisha kabureta tu.

Kisha, injini ikiwa imepata moto na gia iko fri, fanya alivyofanya mzee wetu.

Kelele ikisikika ukiwa umeachilia klachi, na ikipotea unapovuta, shuku hausingi na pleti zake. Aghalabu huwa ni mgongano kama wa vijiko ndani ya sufuria. Hata hivyo, ikiwa ni mvumo mrefu badala ya mgongano, yaweza kuwa beringi ya shafti ya gia, kwa sababu shafti hiyo nayo hutulia klachi inapovutwa.

Kelele ikija pale tu unapovuta, shuku beringi ndogo ya katikati inayosukumwa ili klachi iachane. Hiyo ni kazi ndogo.

Kelele isipobadilika uvute usivute, basi huenda ugonjwa uko kwingine, kama vile kwenye valvu. Usiifungue klachi bure.

Kufungua bila kujuta

Laza pikipiki kwa upande wa kushoto, ukiwa umefunga petroli, ili oili isimwagike. Ama imwage oili yote ndani ya karai na uitazame: vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari mbaya. Ondoa kiki, kisha fungua skrubu za kifuniko cha kulia. Skrubu hizo hazina urefu mmoja. Chukua kipande cha katoni, chora umbo la kifuniko, na uchomeke kila skrubu mahali pake. Ujanja huu hauna gharama, nao umeokoa vifuniko vingi visipasuke.

Legeza bolti za springi kidogo kidogo kwa kukatiza, si moja hadi mwisho. Toa pleti na uzipange kwa utaratibu uleule. Angalia vidole vya hausingi pale meno ya pleti yanapokaa. Yakiwa yamechimba vijishimo vidogo, sugua kwa tupa hadi pawe laini. Vikiwa virefu, nunua hausingi nyingine. Pleti ya chuma iliyopinda au kugeuka buluu kwa moto haifai tena. Zungusha ile beringi ndogo kwa kidole, ikikwaruza, ibadilishe.

Mwisho, shika hausingi kwa mkono mmoja na gia kubwa iliyo nyuma yake kwa mkono mwingine, uzitikise. Kati yake mna springi au raba ndogo za kupunguza mshtuko. Zikichoka, hausingi hucheza juu ya gia yake na kugonga. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa pikipiki ya mzee.

Pleti mpya za faiba zilowekwe ndani ya oili kabla ya kufungwa, usiku kucha ikiwezekana. Springi zibadilishwe zote kwa pamoja, na gasketi iwe mpya.

Mchanga na oili

Kwa nini klachi huchoka upesi Garissa? Kwenye mchanga mwingi dereva huendesha akiwa ameshika klachi nusu, huku amebeba mzigo mzito. Pleti husuguana na kuungua. Ni afadhali uteremke kwenye gia ndogo, uachilie klachi yote.

Sababu nyingine ni oili. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya utelezi inayofanya klachi ya pikipiki iteleze. Tafuta mkebe ulioandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za namna hii. Wenye Yamaha AG100 na nyinginezo za kuchanganya oili na petroli wakumbuke kuwa klachi yao huoga katika oili ya gia, ambayo hubadilishwa peke yake.

Mzee yule alinunua hausingi na gasketi tu. Jioni aliiwasha, akainama na kutega sikio kwa muda mrefu. Aliporidhika alipanda akaenda zake, na yule mbuzi hakuuzwa.