Fao la Ulemavu kwa Watumishi wa Umma: Mfano wa Kamanga, Mwanza

Sheria Na. 2 ya mwaka 2018 iliunganisha PPF, PSPF, LAPF na GEPF kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF). Fao la ulemavu ni miongoni mwa mafao yake. Hapa kipimo si kiungo kilichopotea, bali uwezo wa mwanachama kuendelea na ajira. Mtumishi aliyezaliwa na ulemavu na anayefanya kazi hastahili kwa sababu hiyo pekee.

Utata mkubwa umo katika chanzo. Tuchukulie mwalimu wa Kamanga, wilayani Sengerema, anayevuka Ziwa Viktoria kwa kivuko kwenda Mwanza mjini. Akipofuka kwa kisukari na kushindwa kufundisha, dai lake ni la PSSSF, unaochangiwa na mtumishi asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Akivunjika uti wa mgongo kazini, fidia hudaiwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na mwajiri peke yake. Ajali ikitokea kivukoni, swali la kwanza ni iwapo safari ilikuwa ya kikazi. Aliyetumwa kwa mdomo tu, bila barua, hubaki na kazi ngumu ya kuthibitisha.