Gango la dukani na kifundo kilichovunjika: kweli au si kweli?

Kyela mvua ni nyingi, na barabara ya udongo ikilowa pikipiki huteleza. Anayeanguka hutanguliza kiganja, uzito wote ukatua kwenye kifundo cha mkono. Ndivyo inavyomkuta pia mkwezi wa michikichi akiponyokwa, na mtoto aliyepanda mwembe. Hapa Ipinda wapo wanaoanzia duka la dawa, wakanunua gango lililo tayari: kitambaa kinene, bapa la chuma ndani, mikanda ya kunatisha. Ni kifaa kizuri. Kinachoumiza watu ni maneno yanayouzwa pamoja nacho.

Vidole vikisogea, mfupa haukuvunjika.
Si kweli. Misuli inayokunja vidole iko kwenye kigasha, na kano zake huendelea kuvuta hata kama mfupa wa chini yake umepasuka. Kinachoamua ni eksirei. Kama kituo cha afya hakiwezi kuipiga siku hiyo, hospitali ya wilaya iko Kyela mjini na ya Kilutheri iko Matema.

Hata picha ya kwanza haimalizi yote. Chini ya dole gumba kuna kijifupa ambacho ufa wake unaweza usionekane mwanzoni. Nyoosha dole gumba: kishimo kinachojitokeza karibu na kifundo kikiuma ukikibonyeza, mwambie daktari. Kwa kawaida atakufunga, kisha akuite upigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Kijifupa hicho hupata damu kwa njia finyu. Kikipuuzwa, sehemu yake inaweza kufa, na maumivu yakabaki miaka.

Bila POP, yaani plasta ngumu, mfupa hauungi.
Inategemea mfupa umevunjikaje. Mifupa ya watoto ni laini, na mara nyingi hubonyea upande mmoja bila kukatika. Uingereza madaktari walifuatilia watoto 965 wenye mvunjiko wa namna hiyo. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Waliofungwa bandeji laini tu hawakuwa na maumivu zaidi baada ya siku 3 kuliko waliofungwa kifaa kigumu. Kwa mtoto mwenye mvunjiko wa aina hiyo gango la dukani linatosha kabisa. Hata mtu mzima ambaye mfupa wake umepata ufa bila kuhama, daktari anaweza kumruhusu alitumie.

Mfupa uliohama ni habari nyingine. Huo lazima kwanza uvutwe na kurudishwa mahali pake, kwa dawa ya ganzi, ndipo ufungwe POP. Mwingine huhitaji upasuaji. Gango hushikilia mfupa ulivyo. Ukiwa umepinda, utaungana umepinda.

Likazwe sana ndipo lishike.
Si kweli, na hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Mkono uliovunjika huendelea kuvimba siku 2 au 3 za mwanzo. Ukiubana, damu haipiti, na misuli inaweza kufa ndani ya saa chache. Vidole vikipauka, vikipoa au kufa ganzi, au maumivu yakizidi mtu mwingine akivinyoosha vidole vyako, legeza mikanda hapo hapo na uende hospitali, hata kama ni usiku. Vua pete mapema. Inua mkono juu ya usawa wa moyo.

Vipande vya mwanzi ni ushamba.
Si kweli. Vipande viwili vya mwanzi au boksi gumu, vikiwekewa kanga iliyokunjwa na kufungwa bila kukaza, humfikisha mgonjwa hospitali salama. Kinachodhuru ni kuuchua na kuukanda mfupa uliovunjika, kisha kuubana kwa kamba wiki nzima.

Gango unaweza kulivua wakati wa kuoga.
Kwa mtoto ambaye mfupa wake umebonyea tu, kweli. Mtu mzima asubiri ruhusa, maana mfupa wake huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kushikana. POP yenyewe ikilowa hulegea, kwa hiyo ifunikwe nailoni kabla ya kutoka nje mvua ikinyesha.

Mkono mzima upumzishwe.
Si kweli. Kifundo ndicho kinachotulizwa. Vidole, kiwiko na bega visogezwe kila siku tangu mwanzo, la sivyo mfupa utapona na bega litakuwa limekakamaa, mtu ashindwe kunyanyua jembe.