Kipimo Kilichozaliwa Shambani

Ndugu wakulima wa skimu, mwezi huu nataka kuwaeleza habari ya kipimo kimoja ambacho hakiuzwi dukani, wala hakishikiki mkononi. Ni njia ya kujua kama jambo jipya ni la kweli au ni la bahati tu. Leo njia hii hutumiwa na madaktari, na wataalamu wa elimu, na wataalamu wa uchumi. Lakini haikuzaliwa hospitalini wala darasani. Ilizaliwa shambani, katika ngano na viazi, na kwa hiyo yafaa wakulima waijue kuliko watu wote.

Kwanza sina budi kuungama kosa langu mwenyewe.

KOSA LA KARANI

Miaka michache iliyopita muuzaji mmoja alipita katika skimu yetu akiuza dawa ya kunyunyizia majani ya mahindi. Alisema mahindi yatazaa mara mbili. Nilinunua chupa moja, nikanyunyizia mistari kumi ya shamba langu, na mingine nikaiacha. Baada ya majuma machache mistari ile kumi ilikuwa mirefu na ya kijani kibichi kuliko yote. Majirani wakaniuliza, nami kwa kuwa nilisomea ualimu na watu hapa huniita Mwalimu, nikawajibu kwa sauti ya darasani kwamba dawa ile ni nzuri.

Mama mmoja jirani yangu, mjane, alinunua chupa sita kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa karo ya watoto. Wakati wa mavuno alipata magunia yale yale ya mwaka uliotangulia. Alikuja kwangu jioni. Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyeniambia." Sikuwa na jibu.

Kesho yake nilirudi shambani nikatazama vizuri. Mistari ile kumi niliichagua kwa sababu iko karibu na njia, nisipate taabu ya kubeba maji. Na mahali pale ndipo palipokuwa boma la ng'ombe la mwenye shamba wa zamani. Samadi ya miaka mingi ndiyo iliyolisha mahindi yangu, na sifa ikapewa chupa.

SHAMBA LA ROTHAMSTED

Kosa hili si geni duniani. Huko Uingereza, kaskazini ya London, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kiitwacho Rothamsted. Kilianzishwa mwaka 1843 na John Bennet Lawes, mwenye shamba aliyekuwa pia akitengeneza mbolea, pamoja na mtaalamu wa kemia, Joseph Henry Gilbert. Mwaka ule ule walianza kupanda ngano katika shamba liitwalo Broadbalk. Waliligawa kwa vipande virefu: kimoja kikatiwa samadi, vingine mbolea za chumvichumvi za namna mbalimbali, na kimoja hakikutiwa kitu. Jaribio hilo linaendelea hata leo.

Mwaka 1919 kituo kiliajiri kijana mjuzi wa hesabu, Ronald Fisher, achambue daftari za mavuno zilizokusanywa kwa miaka zaidi ya sabini. Fisher akaona tatizo. Ikiwa kipande chenye mbolea kimezaa zaidi, tutajuaje kama ni mbolea iliyofanya hivyo, au ni udongo wa kipande chenyewe? Kila mkulima anajua kwamba shamba moja lina udongo wa namna nyingi. Hapa pana kichuguu, pale pana mteremko, kule maji hutuama. Na mtu akichagua mwenyewe mahali pa kujaribia, jicho lake huweza kumpeleka penye rutuba hata kama hakukusudia kumdanganya mtu.

Fisher alifundisha mambo matatu. La kwanza, jaribio lisifanywe katika kipande kimoja, bali lirudiwe katika vipande vingi vidogo. La pili, vipande vinavyolinganishwa viwe jirani, katika udongo wa namna moja. La tatu ndilo lililokuwa jipya kwa watu wengi: mtu asichague ni kipande gani kitakachopata mbolea, ila ipigwe kura. Kura haina rafiki, wala haijui palipokuwa na boma. Aliyaandika haya katika makala ya mwaka 1926, na akayaeleza kwa urefu katika kitabu cha mwaka 1935.

VIKOMBE VINANE VYA CHAI

Katika kitabu hicho Fisher alieleza jambo hili kwa mfano wa chai. Pale Rothamsted alikuwako bibi mmoja mtaalamu, Muriel Bristol, aliyesema kwamba akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Sisi hapa tunachemsha vyote pamoja katika sufuria moja, kwa hiyo ugomvi huo hatunao. Lakini Waingereza walibishana.

Je, ungempimaje? Ukimpa kikombe kimoja akakisia sawa, hujajua lolote, kwa maana hata asiyejua hupata sawa mara moja katika mbili. Fisher alisema: viandaliwe vikombe vinane, vinne vimetiwa maziwa kwanza na vinne chai kwanza, vipangwe kwa kura, kisha bibi avitenge vinne na vinne. Ziko njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na moja tu ndiyo sahihi kabisa. Mtu akikisia tu, atapata vyote sawa mara moja katika 70.

Kitabuni hakuandika kama bibi yule alishinda au alishindwa. Alitaka msomaji ashike jambo moja: kabla ya kujaribu, panga jaribio ambalo bahati peke yake ni vigumu kulishinda.

KUTOKA SHAMBANI MPAKA HOSPITALINI

Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilipata dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo streptomaisini. Ilikuwa chache mno, haikuwatosha wagonjwa wote wa Uingereza. Austin Bradford Hill, mtaalamu wa hesabu za afya, alishauri kwamba kwa kuwa haitoshi, kura ndiyo iamue nani aipate. Kura hizo zilifungwa katika bahasha, daktari asiweze kumpendelea mgonjwa mwenye nafuu.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1948. Wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na kupumzika kitandani, na 52 walipumzika tu, kama ilivyokuwa desturi. Katika miezi sita walikufa 4 kati ya wale 55, na 14 kati ya wale 52. Kwa kuwa kura ndiyo iliyowagawa, hakuna aliyeweza kusema kwamba waliopewa dawa walikuwa na nguvu tangu mwanzo.

Kipimo hicho kilifika huku kwetu pia. Mwaka 1972 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Lilionyesha kwamba dawa zilizochanganywa vizuri huweza kutibu kifua kikuu kwa miezi sita, badala ya mwaka mmoja na nusu. Ikiwa katika jamaa yako yuko aliyetibiwa kwa miezi sita akapona, basi kura ile iliyozaliwa katika ngano imekufikia nyumbani.

KURA YAINGIA SHULENI

Habari hii ya tatu ilinigusa mimi niliyefundishwa ualimu. Mwaka 1996 shirika moja la hisani lilitaka kugawa vitabu vya kusomea katika shule za msingi za Busia na Teso. Mtaalamu wa uchumi kutoka Marekani, Michael Kremer, pamoja na wenzake, walitaka kujua vitabu hivyo vitasaidia kiasi gani. Kati ya shule 100, shule 25 zilichaguliwa zipate vitabu kwanza, kisha mitihani ya shule zote ikalinganishwa.

Ningeulizwa mimi, ningeapa kwamba vitabu vitapandisha alama za watoto wote. Haikuwa hivyo. Kwa jumla alama hazikupanda. Waliosaidiwa ni wale wachache waliokuwa mbele tangu zamani. Watafiti walieleza sababu yake: vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, nacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu. Maana yake si kwamba vitabu ni vibaya. Maana yake ni kwamba kitabu asichoweza kukisoma mtoto ni mzigo tu katika mkoba wake. Bila kulinganisha, fedha zingeendelea kutolewa na kila mtu angepiga makofi.

Mwaka 2019 Kremer alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi ya majaribio ya namna hii katika kupunguza umaskini.

KURA YARUDI SHAMBANI

Kremer na Duflo, pamoja na mwenzao Jonathan Robinson, waliurudisha utaratibu huu mahali ulipozaliwa. Huko Busia, katika mashamba ya wakulima wenyewe, walipima vipande vitatu jirani vilivyo sawa. Kura ikaamua: kimoja kilitiwa mbolea ya kukuzia tu, mahindi yalipofika magotini, kingine kilipata mpango mzima uliopendekezwa na wizara, yaani mbegu chotara, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, cha tatu kililimwa kwa desturi ya mkulima.

Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2008. Mpango mzima ulizaa mahindi mengi, lakini baada ya kuondoa gharama, kwa mkulima wa kawaida kati ya wale waliojaribu haukuleta faida. Kilicholeta faida nzuri ni nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo. Hayo ni ya Busia, kwa udongo ule na bei za miaka ile. Sisemi kila mtu aige. Ninasema magunia mengi na faida nyingi ni vitu viwili mbalimbali, na ofisi ya kilimo isione haya kupimwa kama inavyopimwa chupa ya muuzaji.

Kweli, hapa Kenya mbegu mpya za mahindi hupitishwa katika majaribio ya taifa yanayosimamiwa na KEPHIS kabla ya kuuzwa. Lakini hakuna kituo kiwezacho kujaribu kila kitu katika udongo wa kila shamba. Shamba lako utalijaribu wewe.

JINSI YA KUFANYA

Nilipomweleza Bwana Shamba wetu kosa langu, alinifundisha hivi:

1. Uliza swali moja tu. Kwa mfano: Je, dawa hii inaongeza mavuno? Usibadili mbegu na mbolea na dawa kwa pamoja, maana hutajua ni ipi iliyofanya kazi.

2. Pima vipande kumi, kila kimoja hatua tano kwa sita. Vyote pamoja havifiki sehemu ya kumi ya ekari. Vipange viwili viwili, jirani kwa jirani, ziwe jozi tano.

3. Kwa kila jozi rusha shilingi. Ukipata upande wa twiga, kitu kipya kiwekwe kipande cha kushoto. La sivyo, cha kulia. Usibishane na shilingi hata kama kipande hakikupendezi.

4. Mambo mengine yote yawe sawa: siku ya kupanda, nafasi, palizi.

5. Vuna kila kipande peke yake, ukiacha mistari ya pembeni. Kausha sawa, pima kwa mizani, andika katika daftari siku ile ile. Usipime kwa jicho.

6. Hesabu jozi. Kama kitu hakina faida wala hasara, kitashinda jozi zote tano kwa bahati tu mara 1 katika 32. Kwa hiyo kikishinda zote tano, kina dalili njema; kijaribu tena msimu wa pili. Kikishinda tatu tu, bado hujajua.

7. Mwisho piga hesabu ya shilingi. Ziada ya mahindi kwa bei ya soko, toa bei ya kitu chenyewe na ya kazi yako.

MAMA NA SHILINGI

Msimu uliofuata nilimwomba yule mama tujaribu dawa ile pamoja, kwa chupa yake moja iliyobaki. Alikubali kwa sharti kwamba shilingi atairusha yeye, nami nikaona ni haki. Tulipopima mavuno, dawa ilishinda jozi mbili na kushindwa tatu. Aliitazama daftari, akasema, "Basi, Mwalimu, hata wewe hukujua." Nikamwambia ni kweli, sikujua.

Fedha ya karo haikurudi kwa daftari ile. Ilinibidi kumsaidia kidogo kidogo. Lakini tangu siku hiyo, muuzaji yeyote akifika kwake na kusifu kitu chake, yeye humwuliza maswali matatu: Ulijaribu mahali pangapi? Ulilinganisha na nini? Na nani aliyechagua mahali? Wengi huaga mapema.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna madeni ya kulipa na watoto wa kusomesha, na kosa la msimu mmoja huchukua miaka kulipwa. Kabla ya mvua zijazo pima vipande vyako kumi. Mwenye daftari ailete ofisini tuipige hesabu pamoja, iwe ya kushinda au ya kushindwa. Ya kushindwa nayo ni mavuno, kwa maana itamwokoa jirani.