Muziki masikioni mwa mkimbiaji: unasaidia wapi, unaponza wapi

Mwaka jana, asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri, nilitoka kukimbia kando ya barabara ya Malindi, upande wa Bamburi. Nilikuwa nimevaa vipokea sauti masikio yote mawili, taarabu ya kisasa inalia kwa nguvu zake zote. Nikakunja kidogo kukwepa dimbwi. Bodaboda iliyokuwa nyuma yangu ikanikwangua kiwiko. Yule kijana alisimama mbele, akageuka, akaniambia bila hasira: "Mzee wangu, nimekupigia honi tangu kule stejini." Sikuwa nimesikia hata moja.

Kiwiko kilipona kwa wiki moja, lakini swali lilibaki. Nilikuwa nimekimbia kilomita sita bila kuhisi uchovu, na pia bila kusikia honi. Nilipoanza kusoma habari hizi nikagundua kwamba mambo hayo mawili yana chanzo kimoja.

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji profesa kutuambia kwamba sauti hupunguza uzito wa kazi. Nenda ufuoni wavuvi wanapovuta juya. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, na kamba huvutwa pale sauti inapoangukia. Bila wimbo kila mtu angevuta kwa wakati wake na wavu ungebaki majini. Wataalamu walichofanya ni kulipima jambo hilo. Mwaka 1911 Mmarekani Leonard Ayres aliandika kuhusu mbio za baiskeli za siku sita huko Madison Square Garden, New York: waendeshaji walikwenda kasi zaidi bendi ilipopiga kuliko ilipokuwa kimya. Tangu hapo utafiti umerundikana, mwingi wake ukiongozwa na Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London.

Muziki hufanya kazi kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mdundo. Hatua zikilingana na mdundo, mwili hauyumbi huku na huku, na nguvu hazipotei. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2012, waendesha baiskeli waliokanyaga pedali sawasawa na mdundo walitumia oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 7 kuliko walipokanyaga bila kulingana nao. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alilijua hili kwa miguu yake. Februari 1998, mjini Birmingham, Uingereza, aliomba wimbo "Scatman" upigwe uwanjani, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani ya ukumbi.

Njia ya pili ndiyo iliyonikwanguza kiwiko. Ubongo una mlango mwembamba. Habari za mapaja yanayouma, pumzi inayopanda na jasho linaloingia machoni zote hupita hapo, na wimbo ukijaa mlangoni, nyingine zinasubiri nje. Ndiyo maana mtu huhisi mazoezi ni mepesi. Lakini zingatia hapa, ndugu msomaji: uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 139, ulionyesha kwamba muziki huchangamsha nafsi, hupunguza hisia ya kuchoka na huongeza utendaji kiasi. Mapigo ya moyo, hata hivyo, hayakuonyesha tofauti ya maana. Wewe unajiona umepumzika, moyo wako uko kazini vilevile.

Kwa joto letu la Pwani hilo si jambo dogo. Mtu anayekimbia saa nne asubuhi mwezi wa Machi, hewa nzito kama ya jikoni, anahitaji kuhisi kizunguzungu kinapoanza, si kinapomwangusha. Akiwa amejiziba kwa muziki, onyo la kwanza linaweza kumpita.

Tena muziki wenyewe una mpaka. Unaposaidia sana ni kwenye mwendo wa wastani, ule ambao bado unaweza kuzungumza na mwenzako. Ukikaza hadi pumzi ikawa ya kuhema, mwili hupiga kelele kuliko wimbo wowote, na uchovu haufichiki tena.

Kuna vijana wetu wanaotaka kukimbia kwa ushindani, na hawa nawasemea zaidi. Kanuni za riadha za dunia haziruhusu mshindani kutumia vyombo vya muziki akiwa mashindanoni. Marekani walipiga marufuku vipokea sauti kwenye mbio za barabarani mwaka 2007, kisha wakalegeza kwa wakimbiaji wa kawaida, lakini si kwa wanaowania ubingwa wa taifa, medali au pesa. Kijana aliyefanya mazoezi miezi sita akiongozwa na wimbo atasimama kwenye mstari bila kiongozi wake. Hajajifunza kupima kasi kwa pumzi yake mwenyewe. Kilomita tatu za mwanzo atakwenda mbio mno, na zilizobaki atazilipia.

Kwa hiyo mimi nauweka muziki mahali pake. Kabla ya kutoka, nikijinyoosha, nausikiliza vizuri. Siku ya mwendo mrefu wa taratibu naweka sikio moja tu. Nakimbia upande wa kulia wa barabara, magari yakinijia usoni, na sikio la kushoto, lililo upande wa barabara, liko wazi. Siku ya kukimbia kwa kasi naacha vidude hivyo nyumbani. Anayetaka wimbo unaomfaa ahesabu midundo kwa sekunde 15, azidishe mara nne. Midundo 120 hadi 140 kwa dakika huwafaa wengi.

Sauti nayo ina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80. Ikipanda hadi 90, saa zinashuka hadi nne. Mkimbiaji wa barabarani hupandisha sauti ili kushinda matatu na trela, na saa nne ni mazoezi ya siku nne tu.

Wako wenzetu wasiosikiliza ala za muziki kwa sababu za dini. Hukumu nawaachia masheikh. Ila mwili hufuata mdundo, hauulizi umetoka kwenye gitaa au dufu, na kaswida yenye mwendo thabiti inaweza kukutembeza vizuri. Kisomo cha Qur'ani mimi siweki nikikimbia. Kinataka masikio na moyo vitulie, na pale mimi nahema.

Wiki ya kwanza bila muziki ilikuwa ndefu kama mwezi. Katika wiki hiyohiyo nilisikia nyayo zangu kwa mara ya kwanza: mguu wa kulia ulikuwa unakita chini kwa kishindo kuliko wa kushoto. Nilipofika nyumbani nikageuza viatu. Soli ya kulia ilikuwa imelika kisiginoni hadi kitambaa kimeonekana, na nilikuwa nikilalamikia goti hilo tangu Ramadhani.