Fahamu: Kwa nini Alice wa 1865 ni adimu

Mwaka 1865, nakala 2,000 za Alice's Adventures in Wonderland zilichapwa Oxford. Mchoraji John Tenniel alipoziona akaja juu: picha zake zimechapwa vibaya! Mwandishi Lewis Carroll akakubali kitabu kichapwe upya, tena kwa gharama yake. Leo nakala zinazojulikana za toleo lile ni ishirini na kitu tu, na zikifika mnadani matajiri hawalali.

Karatasi zilizobaki za toleo lile hazikutupwa. Ziliuzwa Marekani, zikabandikwa ukurasa mpya wa jina, wenye jina la mchapishaji: Appleton, New York, 1866. Mnunuzi makini huanza na ukurasa huo, kisha huhesabu picha zote 42. Ikikosekana moja, bei inaporomoka. Mimi ningetafuta kwanza Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Kiswahili ya 1940.